Namna ya kutoa maoni kuhusu kanuni za ruzuku ya utafiti na ubunifu: mwongozo kwa wabunifu, vikundi na watafiti wa Kigoma

Anayepata ruzuku ya utafiti na anayeikosa huwa wametenganishwa kabla ya fomu ya kwanza kujazwa. Wanatenganishwa na maneno ya kanuni: nani ahesabiwe kuwa mbunifu, gharama zipi zikubaliwe, mwombaji achangie kiasi gani, risiti ya aina gani ipokelewe. Serikali inapotoa rasimu ya kanuni hizo na kuwaita wadau, maneno hayo bado yanabadilika. Yakishatiwa sahihi na Waziri na kuchapishwa, ofisa atakayekukatalia dirishani hatakuwa na kosa. Atakuwa anasoma kilichoandikwa.

Kigoma ina watu wengi wenye la kusema hapa. Wapo mafundi wanaounda mashine za kukamua mawese, kina mama wanaokausha dagaa Katonga na Kibirizi, wakulima wa kahawa wa Kalinzi, vijana wa Kasulu wanaotengeneza programu za simu. Wapo watafiti wa michikichi pale TARI Kihinga (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo) na wa samaki pale TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi). Lakini maoni mengi yanayotoka huku yanakwenda kama shukrani na maombi: tunaishukuru Serikali, tunaomba na sisi wa pembezoni tuangaliwe. Ofisa anayepanga maoni hana mahali pa kuliweka ombi hilo. Maoni yanayobadili kanuni hutaja kifungu, huonyesha kifungu hicho kinamkwamisha nani na vipi, kisha huleta maneno ya kuweka badala yake. Mwongozo huu wote unahusu namna ya kuyafikia hayo matatu.

Na usijione unaingilia mambo ya wakubwa. Ibara ya 21(2) ya Katiba yetu ya 1977 inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu.

Hatua ya kwanza: jua ni hati ya aina gani

Tangazo likikufikia, kwenye tovuti, gazetini, redioni au kwa ujumbe uliozungushwa kwenye kundi la WhatsApp la kata, angalia kwanza kinachojadiliwa ni nini, kwa sababu kila hati ina mlango wake.

Kama ni muswada wa sheria, ukishasomwa bungeni mara ya kwanza hupelekwa kwenye Kamati ya Kudumu ya Bunge inayohusika, na kamati ndiyo inayopokea maoni ya wadau. Barua yako iende kwa Katibu wa Bunge, Dodoma. Kama ni kanuni, anayezitunga ni Waziri kwa mamlaka aliyopewa na sheria mama. Hutoka kama Tangazo la Serikali kwenye Gazeti la Serikali, na maoni yanakwenda wizarani au kwenye taasisi iliyotumwa kuyakusanya. Kama ni mwongozo wa mfuko, yaani masharti yanayotolewa pamoja na mwito wa maombi, unaweza kubadilishwa kila mwito, kwa hiyo hata ukichelewa mwaka huu maoni yako yana kazi mwakani.

Kwa mambo ya utafiti na ubunifu, majina utakayokutana nayo mara nyingi ni Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya 1986. Tume hiyo ndiyo inayosimamia mfuko wa taifa unaojulikana kama MTUSATE. Tangu 2019 kuna pia MAKISATU, mashindano ya kitaifa ambayo wabunifu wengi wa mitaani waliingilia humo.

Kuna jambo moja linalochanganya watu sana kwenye mikutano. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni mkopo, unarejeshwa. Ruzuku hairejeshwi ukitimiza masharti yake. Ukisimama kwenye kikao cha ruzuku ukaanza kulalamikia mikopo ya halmashauri, dakika zako zimepotea na mwenyekiti atakushukuru kwa heshima.

Hatua ya pili: pata rasimu yote, uisome kuanzia mwisho

Usitoe maoni kwa kutegemea muhtasari wa kurasa mbili au maelezo ya mtu aliyehudhuria semina. Muhtasari husema malengo, na malengo huwa mazuri siku zote. Yanayokuhusu yako kwenye vifungu na majedwali.

Pakua rasimu kwenye tovuti ya wizara au ya taasisi husika, mpelekee mtu wa steshenari pale Mwanga aichapishe upande mmoja wa karatasi ili upate nafasi ya kuandika nyuma. Kama haipatikani, iulizie kwa ofisa wa SIDO mkoa, lile shirika la viwanda vidogo, au kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, au kwa mtafiti yeyote unayemfahamu, maana taasisi za utafiti huletewa mapema. Ukizungushwa, andika barua fupi ya kuiomba kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Mara nyingi barua inayotaja sheria hiyo hujibiwa kuliko simu kumi.

Kisha anza na majedwali ya mwisho. Huko ndiko kuna fomu, orodha ya viambatisho na vigezo vya alama. Ukiona fomu inadai hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, umeshajua kikundi chako kipya kimeachwa nje, hata kama kifungu cha kwanza kinasema ruzuku ni kwa Watanzania wote. Kutoka hapo rudi kwenye kifungu cha tafsiri, kile cha mwanzoni kinachoeleza neno gani lina maana gani. Mwisho soma vifungu vya katikati ukiwa na kalamu, na kila mahali panapokuhusu andika namba ya kifungu pembeni, mfano 9(2)(b). Namba hizo utazihitaji.

Hatua ya tatu: kagua mahali ambapo fedha hupotelea

Hii ndiyo hatua ya kuipa muda. Usisome rasimu kutafuta kasoro za lugha. Tafuta vifungu vifuatavyo, kwa sababu kanuni nyingi za ruzuku ya utafiti zinavyo, na ndani yake ndimo fundi wa Mwandiga na kampuni kubwa ya Dar es Salaam wanakoachana.

Anza na maana ya utafiti. Nchi nyingi hugawa kazi hii katika ngazi: utafiti wa msingi, ambao unatafuta ujuzi mpya tu, utafiti wa viwandani, unaotafuta ujuzi wa kutengenezea kitu, na maendeleo ya majaribio, ambapo unaunda kitu chenyewe na kukipima mpaka kifanye kazi. Mfano wa hapa kwetu: Kihinga wanazalisha mbegu ya michikichi aina ya Tenera, ambayo kokwa lake lina ganda jembamba na nyama yenye mafuta mengi kuliko Dura ya zamani yenye ganda nene. Mkulima akibadili mti, mashine aliyokuwa anatumia inabidi ibadilike pia: nafasi ya kusaga, nguvu ya kukamua, namna ya kupasua kokwa ili kupata mise, yaani kiini cha ndani, isiyovunjika. Fundi anayekata chuma, kukijaribu, kukirudisha na kukijaribu tena anafanya maendeleo ya majaribio hasa. Lakini rasimu ikisema utafiti ni kazi “inayofanywa na taasisi iliyosajiliwa ya utafiti au elimu ya juu”, kazi yake imefutwa kwa mstari mmoja. Pendekeza kiongezwe: “au na mbunifu, kikundi au biashara inayofanya majaribio yenye kumbukumbu, peke yake au kwa kushirikiana na taasisi hiyo.”

Kinachofuata ni kiasi cha ruzuku na mchango wa mwombaji, na hapa ni vizuri ujue wenzetu wameandika nini ili usizungumze kwa hisia. Umoja wa Ulaya una kanuni ndefu za misaada ya serikali kwa utafiti. Mwaka 2021 Tume ya Ulaya iliwaita watu watoe maoni juu ya kuzibadili, na mfumo mpya ukapitishwa Oktoba 2022. Katika masharti yao ya jumla, ukomo wa ruzuku kwa biashara ni hadi asilimia 100 ya gharama zinazokubalika kwa utafiti wa msingi, 50 kwa utafiti wa viwandani na 25 kwa maendeleo ya majaribio. Katika ngazi hizo mbili za mwisho, biashara ya kati huongezewa asilimia 10 juu ya ukomo huo na biashara ndogo asilimia 20. Hoja yao ni kwamba kazi inavyokaribia soko, ndivyo mwenyewe anavyotarajia faida, basi aweke zaidi chake, na fedha ya umma isimpe mfanyabiashara mmoja mbeleko ya kuwaangusha wengine.

Hoja hiyo ina uzito kwa nchi yenye benki zinazokopesha wabunifu. Kwa Kigoma naiona tofauti, na ningependa tuiseme bila woga: hatua inayoua bunifu zetu ni ile ya karibu na soko, pale mashine ya majaribio imefanya kazi mara moja na sasa inatakiwa ipimwe msimu mzima kijijini. Huko ndiko asilimia zinakopungua, na huko ndiko hakuna mkopeshaji anayepokea kaushio la dagaa kama dhamana. Ukipendekeza asilimia kubwa zaidi kwa waombaji wadogo, taja kwamba hata Ulaya wanamwongezea mdogo.

Mtu akikujibu mkutanoni kwamba Shirika la Biashara Duniani linakataza ruzuku, usinyamaze. Tanzania ni mwanachama tangu 1995. Mkataba wa shirika hilo unaopiga marufuku moja kwa moja unalenga ruzuku zenye sharti la kuuza nje au la kutumia bidhaa za ndani badala ya za nje. Ruzuku ya utafiti haimo katika hizo. Mkataba ulipoanza ulikuwa hata na kifungu cha kuikinga dhidi ya kupingwa, hadi asilimia 75 ya gharama za utafiti wa viwandani na 50 kwa maendeleo ya kabla ya kuingia sokoni, ingawa kinga hiyo iliisha mwishoni mwa 1999. Kwa hiyo angalia rasimu yetu: ikiwa na sharti la kuuza nje au la kununua vifaa vya ndani tu ndipo uulize kama limefikiriwa vizuri.

Halafu fanya hesabu kwa kuunganisha vifungu. Tuseme kikundi cha kina mama kinataka kujenga na kupima kaushio la jua kwa Sh 20,000,000. Kifungu kimoja kinasema ruzuku haitazidi asilimia 50. Kikundi kitafute Sh 10,000,000. Kifungu cha pili kinasema mchango uwe fedha taslimu. Basi eneo walilotoa, mbao walizonazo na siku zao za kazi hazihesabiki. Kifungu cha tatu kinasema ruzuku italipwa kwa kurejesha gharama zilizokwishatumika; sasa wanahitaji Sh 20,000,000 zote mkononi kabla ya kupata senti. Kila kifungu ukikisoma peke yake kinaonekana cha haki kabisa. Vikikaa pamoja, mwenye kuweza kuomba ni yule asiyeihitaji ruzuku hiyo. Hesabu ya namna hii, ikiandikwa kwa mistari minne, ina nguvu kuliko kurasa za malalamiko. Pendekeza malipo ya awali, kuhesabiwa kwa thamani ya nguvu kazi, au malipo kwa hatua zinazopimika.

Kuna kifungu kingine ambacho wengi hukipita: sharti kwamba kazi isiwe imeanza kabla ya kuomba. Ulaya wanalo, na sababu yake inaeleweka. Ruzuku inatakiwa imsukume mtu kufanya ambalo asingelifanya, isimlipe kwa alilokwishafanya. Lakini mbunifu wa kwetu huanza na alichonacho, akipata vyuma leo anachomelea leo. Likitafsiriwa kwa ukali, kila mwenye kitu cha kuonyesha ameanza, na anayeruhusiwa ni mwenye wazo kwenye karatasi tu. Usiombe sharti lifutwe. Omba liandikwe kwamba “kila hatua mpya ya majaribio itahesabiwa kuwa kazi mpya, hata kama hatua zilizotangulia zilifanyika kwa gharama za mwombaji.”

Kuhusu gharama zinazokubalika, tazama kama mishahara na posho za wanaofanya majaribio imo, kama kifaa kinalipiwa chote au kwa muda tu kinapotumika kwenye mradi, kama usafiri wa kupeleka sampuli maabara umo. Kwa mtu wa Kigoma usafiri si jambo dogo. Sampuli inayopimwa Dar es Salaam inasafiri zaidi ya kilomita elfu moja. Angalia pia risiti. Rasimu ikidai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, kwa kila ununuzi, fundi anayenunua vyuma chakavu kwa muuzaji wa kuokota hawezi kuthibitisha hata nusu ya matumizi yake. Pendekeza kiwango cha chini ambacho chini yake hati ya malipo iliyosainiwa na muuzaji, shahidi na mtendaji wa mtaa inatosha.

Lugha ya maombi na haki za uvumbuzi nitazipitia haraka. Fomu zikitakiwa kwa Kiingereza peke yake, kumbusha kwamba tangu marekebisho ya 2021 lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili, kwa hiyo si ajabu kuomba fomu ya ruzuku iwe kwa Kiswahili pia. Na kifungu kinachosema matokeo yote yatakuwa mali ya mfadhili au ya taasisi mwenyeji kinahitaji kusomwa mara mbili na mtu mzima mwenye miwani.

Hatua ya nne: kusanya ushahidi kwa watu wenyewe

Muda wa maoni huwa mfupi, kwa hiyo usingoje kusoma kuishe. Ukiwa na siku 14, siku tatu za kwanza zitoshe kupata na kusoma, wiki moja ya kukutana na watu, zinazobaki za kuandika na kufikisha.

Panga mikutano kwa kalenda ya kazi zao. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika hutoka usiku wa giza na taa. Kwenye mbalamwezi wengi hupumzika. Mkutano ukiitwa siku za giza, utawakuta wenye mitumbwi na maofisa, wavuvi wenyewe wamelala baada ya usiku kucha majini. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti; kipindi kama hicho wengine huondoka mialoni kwenda kulima au kutafuta kibarua, na mwalo hubaki kimya. Wakulima wa Buhigwe na Kasulu usiwaite asubuhi ya msimu wa kupanda. Kina mama wanaokausha na kuuza dagaa, ambao ndio wanaobeba hasara kubwa ya kuharibika, wape mkutano wao, maana kwenye mkutano wa wote wataongea wenye mitumbwi.

Pitia kwa mwenyekiti wa BMU (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) wa mwalo, mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, na umjulishe mtendaji. Ni heshima, na pia muhtasari wenye muhuri wa ofisi ya mtaa una uzito ukiambatishwa.

Ukifika, acha swali la “changamoto zenu ni zipi?” Jibu lake ni mtaji na masoko, siku zote. Uliza kitu ambacho mtu anaweza kukikumbuka na kukipima: “Mama, masika haya mvua ilipokukuta dagaa wako juu ya mchanga, ulitupa sado ngapi?” “Kwenye chanja ulitupa ngapi?” “Chanja moja imekugharimu shilingi ngapi, na mbao ulizipata wapi?” “Mzee, hiyo mashine ya mawese umeibadilisha mara ngapi, na kila mara ulitumia nini?” Andika jibu kama lilivyosemwa, na tarehe. Picha za chanja, daftari la mauzo, hati ya malipo ya fundi, vyote ni ushahidi. Kama kuna mtafiti wa TAFIRI au Kihinga aliyewahi kupima jambo hilo hilo, mwombe akusaidie takwimu zake au aweke sahihi pamoja nanyi. Maoni ya kikundi na ya mtafiti yakienda kwenye bahasha moja husomwa kwa makini zaidi.

Orodha ya mahudhurio iwepo, lakini usiambatishe namba za simu na namba za vitambulisho vya watu kwenye maoni yanayoweza kuwekwa hadharani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Toa majina kwa idhini, zinazobaki zikae kwenye faili la kikundi.

Hatua ya tano: andika, kifungu kwa kifungu

Barua iwe ya kurasa mbili au tatu, haizidi hapo. Anza kwa anwani yenu na S.L.P., tarehe, cheo cha mpokeaji kama tangazo lilivyosema, kisha YAH: MAONI KUHUSU RASIMU YA KANUNI na jina lake kamili. Aya ya kwanza ijieleze: sisi ni kikundi gani, tuko wapi, tunafanya nini, tangu lini. Bila salamu ndefu. Kisha kila hoja iende kwa mpangilio mmoja. Namba za kifungu hapa chini ni za mfano tu:

“Kifungu cha 9(2). Kinavyosomeka: ‘Mwombaji atachangia si chini ya asilimia hamsini ya gharama za mradi kwa fedha taslimu.’

Athari: Kikundi chetu cha wakaushaji dagaa hakina akiba ya fedha taslimu ya kiwango hicho, lakini kina eneo la kukaushia, chanja na nguvu kazi ya wanachama. Kwa kifungu hiki mali hizo hazihesabiki, na hatutaweza kuomba.

Ushahidi: Tumeambatisha muhtasari wa mkutano wa wanachama, orodha ya mali za kikundi na hesabu za msimu uliopita.

Pendekezo: Kifungu kisomeke, ‘Mwombaji ambaye ni mtu binafsi, kikundi au biashara ndogo atachangia si chini ya asilimia ishirini ya gharama za mradi, kwa fedha taslimu, vifaa, eneo au nguvu kazi, thamani ya mchango usio wa fedha itathibitishwa na ofisa wa halmashauri.’ ”

Ofisa anayepokea maoni mengi huyapanga kwenye jedwali: kifungu, hoja, pendekezo, jibu. Ukimwandikia hivi umeshamjazia safu tatu. Usiweke hoja kumi na tano; chagua tatu au nne zinazowaumiza kweli, na ile nzito iwe ya kwanza. Kama kuna kifungu kizuri, kitaje pia na useme kibaki. Vifungu vizuri huondolewa kimya kimya dakika za mwisho kwa sababu hakuna aliyesema anavihitaji.

Jambo moja ninalolisisitiza kwa kila mbunifu: usieleze ndani ya maoni namna ubunifu wako unavyofanya kazi. Maoni yanaweza kuchapishwa, na hataza, yaani hati ya kulinda haki ya mvumbuzi, hutolewa kwa kitu kipya ambacho hakijatangazwa hadharani. Sema “mashine ya kupasua kokwa za chikichi tuliyoibuni”, inatosha. Mchoro, vipimo na siri ya kisu chako vibaki nyumbani mpaka umeongea na watu wa BRELA, ambako hataza husajiliwa.

Hatua ya sita: fikisha, na uwe na uthibitisho

Fuata njia iliyotajwa kwenye tangazo hata kama unaona nyingine ni rahisi. Barua pepe itumwe kabla ya siku ya mwisho, kwa sababu mtandao na umeme vikikata jioni hiyo hakuna atakayekusubiri. Weka hati ya Word pamoja na PDF, maana ofisa atataka kunakili maneno yako ya pendekezo. Ukipeleka kwa mkono kwenye ofisi ya mkoa au ya halmashauri ili ipelekwe mbele, peleka nakala mbili na uhakikishe masijala wanagonga muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, kwenye nakala yako. Nakala nyingine mpe diwani na ofisi ya mbunge. Kama ni muswada, mbunge ataihitaji siku ya mjadala.

Vikundi vitano vikituma barua moja iliyonakiliwa neno kwa neno, mara nyingi itahesabiwa hoja moja. Afadhali kila kikundi kiandike kifungu kile kile kwa ushahidi wake: wa Katonga kwa dagaa, wa Simbo kwa mawese, wa Kalinzi kwa kahawa.

Ukiitwa kwenye kikao cha wadau utapewa dakika chache. “Mheshimiwa Mwenyekiti, naitwa fulani, natoka kikundi fulani Kigoma, nina hoja juu ya kifungu cha 9(2).” Soma pendekezo lako polepole ili karani aliandike, kisha toa mfano mmoja. Mkabidhi karani karatasi kabla hujakaa.

Hatua ya saba: fuatilia mpaka kanuni zitoke

Baada ya mwezi au zaidi, uliza kwa barua pepe hiyo hiyo maoni yamefikia wapi na kama kuna jedwali la majibu. Kanuni zikichapishwa, weka rasimu na toleo la mwisho kando kwa kando, nenda kwenye namba zako na uone kilichobadilika. Namba za vifungu mara nyingi husogea, kwa hiyo tafuta maneno. Rudi kwa waliokupa ushahidi uwasomee. Mama aliyehesabu sado zake mbele yako anastahili kujua zilikwenda wapi.

Kama kifungu chako kimepita, anza kuandaa maombi siku hiyo hiyo: usajili wa kikundi, akaunti ya benki, daftari la majaribio lenye tarehe. Kama hakikupita, Kanuni zikishatungwa huwekwa mezani bungeni, na kuna Kamati ya Bunge ya Sheria Ndogo inayozipitia. Barua yako ya zamani, ikiwa na muhuri wake wa kupokelewa, mpelekee mbunge pamoja na maelezo ya ukurasa mmoja ya waombaji waliokataliwa kwa kifungu hicho tangu kilipoanza kutumika.